Kopo, Debe na Nta: Mwanga wa Mabaki kati ya Njombe na Makambako

Oktoba 1918, wiki chache kabla Vita Kuu ya Kwanza haijaisha, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lilipita Ubena, yaani nchi ya Wabena inayozunguka Njombe, likitoka Songea kuelekea Rhodesia ya Kaskazini. Askari na wapagazi walikuwa wamechoka, na wagonjwa walikuwa wengi. Jenerali Kurt Wahle, mzee ambaye mwili wake ulikuwa umekataa kuendelea na safari, aliachwa huko huko Ubena hadi Waingereza walipofika na kumchukua. Jeshi hilo lilikuwa limepigana zaidi ya miaka mitatu bila njia ya kawaida ya kuletewa bidhaa, kwa kuwa manowari za Uingereza ziliifunga pwani tangu mwaka 1915.

Lilijikimu kwa kutumia kilichokuwepo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milimani Usambara, kiliacha kwa muda kazi ya kuchunguza mimea na kuwa kiwanda cha dharura. Kabla ya kutekwa mwaka 1916, kilitengeneza dawa, sabuni, vyakula, vifaa vya mpira, mafuta na mishumaa. Nta ya nyuki, ambayo kabla ya vita ilikuwa bidhaa ya kupakiwa melini kwenda Ulaya, sasa ilikosa meli. Ikabaki nchini, ikawaka.

Kazi ya Amani iliandikiwa ripoti, ndiyo maana inajulikana. Mafundi wa bati, wa nta na wa tairi ambao wamefanya jambo hilo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja katika Njombe na Makambako hawakuandikiwa chochote. Ukitaka kuijua historia yao huna budi kuisoma katika vitu vyenyewe: kopo lililogeuzwa taa, pipa lililogeuzwa karai, gunia la mbolea lililogeuzwa mfuko wa sokoni. Vitu hivyo vinasema jambo moja ambalo watu hupenda kulisahau. Ufundi wa kutumia mabaki haukuletwa na umaskini peke yake, kwani umaskini mtupu hauna hata kopo. Uliletwa na njia ya biashara. Bidhaa ilipita, ikaliwa au ikauzwa mbele, na kilichobaki kilikuwa chombo chake.

Kabla ya makopo, usiku wa nyanda hizi ulimulikwa na moto wa jikoni. Aliyetoka nje alibeba kijinga cha moto au mwenge wa nyasi kavu. Njombe iko kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake haina mchezo, kwa hiyo moto huo ulikuwa taa, jiko na blanketi kwa pamoja. Pwani mambo yalikuwa tofauti kidogo: huko kulikuwa na taa za mafuta ya nazi na ya ufuta. Mafuta ya kula ni ghali kuyachoma, na huku juu minazi haioti.

Ufundi wa chuma, hata hivyo, ulikuwepo zamani. Wapangwa wa Ludewa na Wakinga wa Makete waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe muda mrefu kabla mzungu hajasikia habari za chuma cha Liganga. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipoingia kwa bei ndogo, tanuri za kuyeyushia mawe zilipoa, lakini nyundo hazikutupwa. Wahunzi waliacha kuchimba chuma, wakaanza kukiokota. Springi ya lori iliyovunjika ikawa jembe, panga au kisu. Hata leo mhunzi wa kijijini akichagua chuma cha kisu hutafuta springi kwanza, kwa sababu chuma chake ni kigumu na kinashika makali. Huyo ndiye babu wa mafundi wote wanaotajwa hapa.

Kisha likaja debe.

Mafuta ya taa yalianza kuenea duniani baada ya Edwin Drake kuchimba kisima chake Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, na katika miongo iliyofuata yakawa yanashushwa Zanzibar kwa wingi. Yalisafirishwa ndani ya madebe ya bati ya pembe nne, mawili katika sanduku moja la ubao. Debe lilichukua galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na ushee. Lita 36 za mafuta ya taa zina uzito wa karibu kilo 29. Ongeza bati na ubao, unapata kilo thelathini na kitu. Huo ni mzigo wa mpagazi mmoja, na barani kusiko na reli kila kitu kilipanda kwa mabega.

Mafuta yaliisha. Debe lilibaki, na pengine katika historia ya Afrika Mashariki hakuna chombo kilichofanya kazi nyingi kuliko hicho. Lilichota maji. Lilichemshiwa pombe. Likikatwa na kunyooshwa, lilikuwa bati la kuezekea banda, mfereji wa kukinga maji ya mvua, au sanduku la safari. Sanduku la ubao lenyewe liligeuka kiti au kabati. Kubwa kuliko yote, debe lilikuwa kipimo cha nafaka, na cheo hicho halijavuliwa mpaka leo. Sokoni Makambako mahindi yanauzwa kwa debe, ingawa kinachopimia sasa ni ndoo ya plastiki ya lita 20, na wengi wanaoijaza hawajawahi kuona debe la mafuta la bati.

Kutoka debe mpaka kibatari ni hatua fupi. Mwenye mafuta ya taa lakini asiye na fedha ya chemli ya dukani alihitaji vitu vitatu tu: kopo lenye mfuniko, utambi na mtu mwenye mkasi wa bati. Fundi hutoboa mfuniko katikati, hukunja kipande chembamba cha bati kuwa kijibomba, hukipachika kwenye tundu na kukilehemu. Utambi unapita ndani ya kijibomba hicho: uzi wa pamba uliosokotwa, au ukanda wa fulana kuukuu. Mkono wa kushikia ni ukanda mwingine wa bati uliokunjwa kingo ili usikate vidole. Kopo la kahawa, la maziwa ya unga, la dawa ya viatu, yote yalifaa, na mara nyingi maandishi ya kiwandani yaliachwa yasomeke ubavuni. Jirani zetu wa Kenya huita taa hiyo koroboi, na Watanzania wengi pia. Kibatari ni jina lake jingine.

Tusiisifu kupita kiasi. Kibatari hakina kioo, kwa hiyo moto wake hucheza na kila upepo na kutoa moshi mweusi. Waliosomea mitihani kwa mwanga wake wanakumbuka pua zenye masizi asubuhi. Kikianguka juu ya godoro, nyumba imekwenda. Hata hivyo kwa miongo mingi ndicho kilichowezesha mtoto wa mkulima kusoma baada ya giza kuingia, na hakuna wizara wala shirika lililokibuni. Kilibuniwa na mafundi wa bati waliokaa pembeni mwa masoko, nyundo mkononi, wakiuza taa kwa bei ambayo mama muuza mboga aliweza kuilipa.

Mshumaa una historia ya namna nyingine, kwa sababu ulifika Njombe ukiwa na heshima ya madhabahuni. Wamisionari wa Kiluteri wa Berlin walianza kazi kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, kisha wakapanda hadi Ubena, wakafungua vituo kama Kidugala na Yakobi. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walijenga kituo cha Peramiho mwaka 1898, na kazi yao ikaenea hadi Uwemba. Ibada ya Kikatoliki haiwezi kwenda bila mishumaa, na kwa karne nyingi kanisa hilo lilidai iwe ya nta ya nyuki. Mwaka 1904 Roma ililegeza kidogo: mshumaa wa Pasaka na ile miwili ya Misa iwe ya nta kwa sehemu kubwa zaidi, mingine iwe na nta hiyo kwa sehemu kubwa au ya kutosha.

Masharti hayo yalitolewa kwa sababu mshumaa wa bei rahisi ulikuwa umeivamia Ulaya. Mwaka 1825 Wafaransa Chevreul na Gay-Lussac walisajili njia ya kutengeneza mishumaa kwa stearini, inayotokana na mafuta ya wanyama au ya mawese. Mwaka 1834 Joseph Morgan wa Uingereza alitengeneza mashine ya kuimimina kwa wingi. Mwaka 1850 James Young wa Scotland alisajili njia ya kupata parafini kutoka makaa ya mawe, na mafuta ghafi yalipoanza kuchimbwa parafini ikawa mabaki ya kiwanda cha mafuta. Kwa hiyo ule mshumaa mweupe wa dukani tunaoununua kwa pakiti umeanza maisha yake kama taka ya kusafisha mafuta. Aliyeutengeneza mara ya kwanza alikuwa anabana matumizi kama fundi wetu wa kopo, tofauti ikiwa ni ukubwa wa kopo.

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa nta. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika yapata mwaka 1516, anataja kuwa watu wa Mombasa walipata asali, nta na pembe za ndovu kutoka bara. Karne nne baadaye Tanganyika ilikuwa muuzaji mkubwa wa nta duniani, hasa kutoka misitu ya miombo ya Tabora na jirani zake. Jambo la kuchekesha ni kwamba mrina asali mwenyewe alitaka asali, ya kula na ya kutengenezea pombe. Sega lilikuwa makapi. Mpaka mnunuzi alipofika na kulilipia, wengi walilitupa.

Kulisafisha sega hakuhitaji kiwanda. Masega yaliyokamuliwa hutiwa kwenye chombo cha maji na kuchemshwa taratibu. Nta huyeyuka ikifika nyuzi joto 62 hadi 64, huelea, kisha yote huchujwa kwa kipande cha gunia. Maji yakipoa, nta huganda juu kama sahani ya rangi ya dhahabu, na uchafu hubaki chini yake ukisubiri kukwanguliwa kwa kisu. Kalibu ya mshumaa inaweza kuwa mwanzi, na mianzi Njombe si haba: ndiyo inayotoa pombe ya ulanzi. Mwanzi hupasuliwa vipande viwili, ukapakwa maji ya sabuni ndani ili nta isishike, ukafungwa tena kwa kamba, utambi ukanyooshwa katikati. Baridi ya Njombe, inayolalamikiwa na kila mgeni, hapa inasaidia: nta ikipoa husinyaa na kuachia kalibu yenyewe.

Walinzi wa sakristia katika parokia nyingi wanaijua sehemu ya pili ya kazi hii. Vipande vilivyobaki mishumaa inapokaribia kuisha hukusanywa kopo baada ya kopo, vikayeyushwa, vikamiminwa upya. Anayejaribu nyumbani ashike kanuni moja: asiweke kopo la nta moja kwa moja juu ya moto. Aliweke ndani ya sufuria yenye maji, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100, ilhali nta iliyoachwa juu ya makaa hupanda joto mpaka mvuke wake ukashika moto, na moto huo ukimwagiwa maji hulipuka. Utambi nao una hesabu yake. Ukiwa mwembamba unazama ndani ya nta iliyoyeyuka. Ukiwa mnene unatoa moshi kama kibatari. Nyuzi tatu za pamba zilizosukwa hufanya kazi vizuri kuliko uzi mmoja mnene, kwa kuwa utambi wa kusukwa hujipinda pembeni ya mwali na kujiteketeza wenyewe.

Turudi barabarani, maana Makambako ni mtoto wa barabara. Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikapoteza njia yake ya mafuta ya kusini. Kuanzia hapo malori yaliyobeba mapipa yalianza kupishana kati ya Dar es Salaam na mpaka wa Zambia kwenye barabara ya udongo iliyoua madereva wengi hata wageni wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilianza kusafirisha mafuta mwaka 1968, barabara ikawekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Kipande chake kigumu kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli hupanda kutoka bonde la Kilombero kwa madaraja na mahandaki. Makambako ikajikuta na stesheni, barabara kuu, na njia panda ya Njombe na Songea, iliyotiwa lami miaka ya 1980.

Njia panda huzaa mabaki. Pipa la mafuta la lita 200 likikatwa kwa urefu hutoa mabirika mawili ya kunyweshea ng'ombe. Likipasuliwa na kunyooshwa hutoa mlango, karai, sinia la kuchomea nyama au jiko la mkaa. Tairi la lori likiisha halijaisha. Fundi huweka ubapa wake chini, hulikata kwa kisu anachokilowesha maji ili kisinase kwenye mpira, na kutoa soli ya viatu vya katambuga. Mikanda hutoka kwenye mpira wa ndani. Mpira huo huo hufungia mizigo kwenye baiskeli na pikipiki nchi nzima. Teknolojia iliwahi kuwavuruga mafundi hawa: tairi za kisasa zina nyaya za chuma ndani zinazoharibu kisu na kuchoma mguu, kwa hiyo fundi mwenye uzoefu huulizia tairi la nyuzi na kulilipia zaidi.

Kusini mwa barabara hiyo mabaki yaliletwa na kilimo. Iringa ya zamani, ambayo Njombe ilikuwa sehemu yake mpaka mkoa ulipoundwa mwaka 2012, ilihesabiwa pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima na kusambaza mbolea, nyingine ikitoka kiwanda cha Tanga kilichoanza mwaka 1972. Mfuko wa mbolea, ule wa plastiki iliyofumwa ambao Watanzania wengi wanauita salfeti, ulifika hadi kijiji kisichofikiwa na basi. Ukishakuwa mtupu ulioshwa, ukashonwa vishikio, ukawa mfuko wa sokoni. Ukichanwa ulikuwa turubai la kuanikia mahindi, koti la mvua la mchungaji, pazia la bafu, ganda la godoro la majani. Wanafunzi wa bweni walisafiria salfeti miaka mingi kabla ya mabegi ya mitumba.

Si kila ubunifu wa aina hii unastahili makofi. Gunia hilo hilo, likiongezewa kilemba cha wavu juu, ndilo lumbesa, na wakulima wa viazi wa Njombe wanajua lilivyowaumiza: mnunuzi analipa gunia moja na kuondoka na gunia moja na nusu. Sheria ya vipimo inalikataza. Linaendelea kurudi.

Miaka ambayo kila nyumba ilijua ufundi wa mabaki ni ile ya kati ya 1979 na 1985. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimemeza fedha za kigeni, na bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla mwaka 1979. Madukani hakukuwa na sabuni, sukari, betri wala viberiti, na mafuta ya taa yalipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Mwaka 1983 serikali ilianzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Wapo walioficha bidhaa, na wapo waliozitupa vichakani kwa hofu ya kukamatwa nazo. Nyumba nyingi zilirudi kwenye moto wa kuni. Waliokuwa na mafuta kidogo walipunguza utambi wa kibatari mpaka mwali ukawa punje. Waliokuwa na nta waliithamini kuliko fedha. Mshumaa wa dukani ulitoweka kwa sababu iliyo wazi: parafini yake iliagizwa nje, na fedha za kigeni za kuilipia hazikuwepo.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, limefundisha kwa miaka mingi utengenezaji wa sabuni, chaki na mishumaa. Vikundi vya wanawake na vijana bado vinajifunza kazi hizo, na tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini lina kasoro ambayo fundi wa kopo angeiona mara moja. Kikundi kinanunua parafini mpya kutoka nje, kalibu ya alumini na utambi wa dukani, kisha kinashindana kwa bei na mshumaa wa kiwandani uliotengenezwa kwa vitu hivyo hivyo. Biashara hushamiri kwenye mgao wa umeme, kama ule wa 2006, wa 2011 na wa 2023, halafu hulala. Hiyo ni biashara ndogo ya kawaida. Kubana matumizi huanza na kitu ambacho tayari kimelala uani bila bei.

Njombe yenyewe ina mfano mkubwa wa kanuni hiyo, na watu wengi wanapita mbele yake bila kuutazama. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha kampuni ya miwati, TANWAT. Kilichotakiwa kilikuwa gome, ambalo hutoa dawa ya kulainishia ngozi. Mti uliobaki baada ya kubanduliwa gome ulikuwa ziada. Mwaka 1995 kampuni ilifungua mtambo wa megawati 2.5 unaochoma kuni hizo na mabaki ya mbao, ukaendesha kiwanda na kuliuzia shirika la umeme, TANESCO, umeme wa kuwasha taa za mji. Pamoja na maporomoko ya Uwemba, ambako TANESCO ina mtambo mdogo wa maji wa tangu 1991, mji huu ulipata kumulikwa na vya kwake.

Kibatari hakikuuawa na umeme huo. Pigo kubwa lilikuwa la kodi. Wafanyabiashara walikuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa yaliyotozwa kodi ndogo, mchezo uliowapa Watanzania neno uchakachuaji. Katika bajeti ya 2011/12 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Uchakachuaji ulipungua, na mwenye kibatari akalipia dhambi isiyo yake. Bahati ni kwamba wakati huo huo tochi za Kichina na taa ndogo za sola zilikuwa zinashuka bei, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulikuwa unasogeza nguzo vijijini. Mwaka 2018 njia ya msongo mkubwa kutoka Makambako hadi Songea iliunganisha Ruvuma na gridi ya taifa. Ndani ya miaka michache taa iliyodumu karibu karne nzima ilitoka mezani.

Mafundi hawakutoweka, walibadilisha malighafi kama wahunzi wa Upangwa walivyofanya. Mashine za kupasulia mbao, zile zinazoitwa dingidongi, zimeacha vilima vya vumbi la mbao na rundo la mabanzi katika mashamba ya misonobari ya Njombe na Mufindi. Mabanzi yanajenga uzio, mabanda na hata nyumba. Vumbi linashindiliwa ndani ya kopo kubwa au ndoo ya bati iliyotobolewa chini, kijiti kikiwa kimesimamishwa katikati. Kijiti kikitolewa linabaki tundu, moto unawashwa, na jiko linaivisha maharage bila kuongezwa kuni. Madumu ya mafuta ya kupikia yanakatwa kuwa makopo ya maua, miche ya parachichi inaoteshwa ndani ya vifungashio vilivyokwisha kazi, na viroba vinajazwa udongo wa kuoteshea mboga. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, vikapu na salfeti za kushonwa zimerudi kwenye mikono ya wateja.

Thamani ya kazi kama hizi hutambuliwa haraka zikipewa jina la sanaa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, kwa sababu ndivyo alivyovimudu. Leo michoro ya aina yake iko katika makumbusho ya Ulaya. Iringa mjini, Neema Crafts ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi watatu, ikawa maarufu kwa karatasi zilizotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Fundi bati wa Makambako hajafikiwa na bahati hiyo. Kazi yake inauzwa kwa bei ya kazi, na siku ikichakaa inauzwa kwa kilo.

Hapo ndipo penye hatari ya sasa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita mtaa kwa mtaa na mizani, na vibatari, majiko ya pipa na madebe ya mwisho ya bati yanaondoka nao kwenda kuyeyushwa. Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1983 sasa wamevuka 60. Walimu wa historia na wa stadi za kazi wa Ramadhani na Yakobi huko Njombe, na wa Kivavi na Mwembetogwa huko Makambako, wanaweza kuwatuma wanafunzi wao wakawahoji wazee hao mapema: kibatari cha nyumbani kilitoka kopo gani, fundi wake alikuwa nani, alikaa soko gani, na utambi ulisokotwa kwa nini. Na mwenye kibatari bado darini, akipeleke shuleni kabla ya mwenye mizani hajabisha hodi.